Zamu ya Kumbeba Byabato

Kemilembe alifika kwa Mwombeki, balozi wa nyumba kumi, asubuhi, umande ungali juu ya migomba, akapiga goti uwanjani kama mtu aliyeleta habari ya msiba. Mkononi alikuwa na kifungu cha jani la mgomba, na ndani yake kahawa za kutafuna. Katika kilima cha Rugambaizi hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mwenyeji akitia punje moja kinywani, amekubali kumsikiliza mgeni hadi mwisho wa maneno yake. Akikiacha kifungu kilivyo, mgeni na anyanyuke, aende zake.

Mwombeki hakutafuna wala hakumfukuza. Alikiweka kifungu juu ya ukuta wa baraza, katikati yao, akaketi wima kama alivyozoea kuketi tangu alipokuwa kiranja mkuu wa shule ya bweni, enzi ambazo kijana aliyethubutu kuegemea ukuta mbele ya mkubwa alifagia uwanja wa paredi hadi jioni.

"Sema ulilojia," alimwambia. "Lakini usije ukasema nilikula kahawa yako."

Binti alisema. Baba yake, mzee Projestus Byabato, mnunuzi wa kahawa aliyejulikana kilima kizima kwa ukali wa ulimi, alikuwa akiliwa na ugonjwa wa mifupa. Ulianzia nyongani, ukapanda mgongoni, na sasa hata shuka ilimlemea kama kifusi. Kemilembe hakuomba dawa. Dawa za maumivu zilikoma kufanya kazi katika miili ya watu tangu homa ya kijivu ilipopita nchini, kabla yeye hajazaliwa. Vidonge vilivyowahi kuwapa wagonjwa usingizi sasa vilikuwa sawa na chaki. Aliomba jambo moja tu: nyumba kumi zimbebe baba yake.

"Sheria unaijua," alisema Mwombeki.

"Naijua, Ta Mwombeki. Asiyebeba habebwi. Watoto ninaowafundisha huiimba wakiruka kamba."

Zamani habari hiyo ingemfurahisha. Safari hii ilimkwaruza mahali fulani ndani, naye akageuza uso kutazama bangili iliyokuwa kwenye kifundo cha mkono wake. Kila mtu mzima kilimani aliivaa: bangili ya Kano, yaani agano la kubebana, nyepesi, ya rangi ya majivu. Mgonjwa alipozidiwa, mwendeshaji aliuwasha Mzani, mtambo uliokaa katika nyumba ya tofali jirani na kisima, na wote waliokubali kubeba wakazifunga bangili zao kwake. Mzani haukufuta maumivu. Uliyagawa. Kilichotoka nyongani mwa mmoja kiliingia nyongani mwa wengine, kama mzigo wa kuni uliofunguliwa kamba ili kila mtu ajitwike kijiti chake. Wabebaji walipokuwa wengi, kila mmoja alihisi kama amejikwaa tu. Walipokuwa wachache, walisaga meno.

Hivyo ndivyo alivyobebwa Angelina, mke wa Mwombeki. Byabato alikuwa miongoni mwa wabebaji wake. Katika siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, Byabato alivua bangili yake mbele ya watu, akaitupa mezani, na sehemu aliyoiacha ikawaangukia waliobaki kwa ghafula hata mmoja wao akazimia. Walipomwuliza sababu, alijibu maneno mawili, "Sikumwoa mimi," akaenda zake kupima kahawa. Angelina alikata roho jioni ile ile, akijua nani aliyeondoka.

Kabla nyasi hazijaota kaburini, Mwombeki alikuwa ameiandika sheria. Hakuibuni kutoka hewani. Wazee wa kilima tangu zamani walisema kwamba asiyezika wenzake hazikwi, na nyumba iliyokwepa misiba ya jirani ilichimba makaburi yake peke yake. Yeye aliichukua desturi hiyo makaburini, akaileta vitandani. Watu waliiona kuwa ni haki, wakaipitisha pasipo ubishi, na kuanzia hapo hakuna mbebaji aliyevua bangili kabla ya zamu kwisha.

"Nitaita baraza leo hii," alimwambia Kemilembe hatimaye. "Hiyo ni haki yako. Ila sitatamka neno la kukusaidia, na hilo ujue mapema."

"Sikuja kuomba neno, waitu. Nimekuja kuomba baraza."

Aliondoka bila kukitazama kifungu cha kahawa.

*

Watu walijaa mbele ya nyumba ya Mzani kabla ya jua kuwa kali. Mwombeki alieleza shauri kwa maneno machache na makavu, kisha akasoma sheria. Alitarajia kwamba jambo litakwisha hapo. Badala yake, Kemilembe alisimama akaeleza kwamba baba yake amekiri kosa lake, na kwamba familia imeleta faini. Vijana wawili wakaondoa majani ya migomba yaliyofunika vibuyu vikubwa vya rubisi, pombe ya ndizi, na harufu yake ikapita juu ya vichwa vya watu kama habari njema.

Ndipo watu walipoelewa kwamba binti huyo hakuja na machozi pekee. Rubisi haiivi kwa siku moja. Alikuwa ameipika huku baba yake akipiga kelele chumba cha pili.

Mwombeki alipinga. Alisema sheria ya Kano haina kifungu cha faini. Kwamba uchungu haununuliwi kwa pombe. Kwamba siku watu watakapojua kuwa mlango una upenyo, kila mwoga ataupitia, na mgonjwa atakayefuata ataachwa mikononi mwa wawili watatu. Aliyasema hayo kwa utulivu, na yalikuwa na nguvu, kwa sababu yalikuwa kweli.

Tryphone, kinyozi wa pale kisimani, alisema kutoka nyuma kwamba balozi wao angekabidhiwa lango la mbinguni, marehemu wangekaguliwa kucha kabla ya kuingia. Watu wakacheka. Mwombeki aliwaacha wamalize kucheka, kama alivyowaacha vijana wa bweni zamani, akijua kwamba kicheko kinachoachwa hufa chenyewe.

Lakini aliyesimama baada ya hapo hakuwa mtu wa mzaha. Mwalimu Elieskia Mbwambo, Mpare aliyestaafia kilimani hapo na Msabato asiyeyumba, alizungumza akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Balozi, ulipoichukua desturi ya misiba, uliichukua nusu," alisema. "Katika msiba, aliyetengwa hupika pombe, hukiri, akarudi. Hiyo ndiyo desturi nzima. Wewe ulichukua kufuli, ukauacha ufunguo."

 Mwombeki aliikunja karatasi ya sheria, akaitisha kura. Walipopiga kura, mikono ya kukubali ilikuwa mingi kuliko ya kukataa. Alitangaza matokeo kwa sauti ile ile ambayo angetangazia ushindi wake mwenyewe, akaandika kwamba balozi amepinga, kisha akasema kwamba uamuzi wa baraza atautii lakini hataunywea.

Alipokuwa akiondoka, kibuyu cha kwanza kilikuwa kimeanza kuzunguka. Kukubali faini ni kuinywa, asiyekunywa hakupatana. Hata waliopiga kura ya kukataa walionekana kukataa kwa mkono wa kulia na kupokea kibuyu kwa wa kushoto. Mwalimu Elieskia aliruhusiwa kukigusisha kibuyu kwenye paji la uso tu, kwa ajili ya dini yake, na Tryphone akajitolea kumnywea sehemu yake ili jamii isipate hasara.

Njiani Mwombeki alijikagua, kama alivyozoea kukagua vitanda vya wengine, pembe kwa pembe. Je, sheria ile ilikuwa haki, au lilikuwa kaburi la Angelina lililoandikwa kwa lugha ya haki? Kama ilikuwa haki, mbona alifurahi aliposikia kwamba Byabato halali? Kwa maana alifurahi. Mtu anayejiheshimu hawezi kujidanganya juu ya jambo kama hilo. Na bado, kila alilolisema barazani lilikuwa kweli. Alifika nyumbani akiwa na mambo mawili mikononi, kweli na kisasi, asiweze kuyatenganisha.

*

Jua lilikuwa limeanza kuinama aliposikia hatua uwanjani. Alikuwa Severina, mwendeshaji wa Mzani, mwanamke mnene, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Sasa kanga yake ilikuwa imelegea na pumzi zinamsumbua.

Alieleza akiwa bado amesimama. Wakati baraza likinywa, yeye alikuwa kitandani kwa mgonjwa, akimwandaa. Baadaye watu walipanga foleni wakiimba, kila mmoja na bangili yake, wote wakiwa na furaha ya kupatana. Mzani ukamkataa wa kwanza. Ukamkataa wa pili. Ukawakataa wote, taa nyekundu mtu baada ya mtu, mpaka nyimbo zikakatika zenyewe.

"Pombe," alisema Mwombeki.

"Hata funda moja, Ta Mwombeki. Neva zikilewa husema uongo, na Mzani hauwezi kugawa uongo. Kila mtu analijua hilo. Hakuna anayekunywa siku ya zamu. Lakini hatujawahi kupokea faini siku ya zamu. Wameunywa upatanisho wote, hawakumbakizia mgonjwa."

Hakucheka, wala Mwombeki hakucheka.

Akaendelea. Kemilembe hakunywa, kwa kuwa mlipa faini hainywi faini yake. Mwalimu Elieskia hakunywa. Hao ni wawili. Chini ya wabebaji watatu Mzani haufunguki, kwa kuwa mzigo huo ungeweza kusimamisha moyo wa mbebaji. Yeye Severina haruhusiwi kubeba akiwa anauendesha. Wajawazito na wenye magonjwa ya moyo, Mzani hauwapokei. Kufikia asubuhi damu za wengine zitakuwa zimesafika.

"Na yeye?"

"Mapigo yake yameanza kuruka. Maumivu yakiendelea hivi, moyo wake hautaiona asubuhi."

Wa tatu aliyebaki katika nyumba kumi zote alikuwa mtu mmoja, na aliitunza damu yake safi kwa sababu tu alikataa kupatana. Wala hakuna aliyeweza kumlazimisha. Sehemu ya maumivu hailazimishwi. Hilo pia aliliandika yeye.

 Jambo lililomjia Mwombeki halikuwa uso wa Angelina kama alivyotazamia. Lilikuwa bweni. Sukari ya mwalimu wa zamu ilikuwa imeibwa, mwizi hakujitokeza, na bweni zima likaamriwa kuchimba mtaro wa maji kutoka jikoni hadi bondeni. Viranja walisamehewa adhabu hiyo. Yeye, kiranja mkuu, alivua shati akaingia mtaroni pamoja na wengine, na bega kwa bega naye alichimba kijana ambaye kila mtu alijua ndiye mwizi. Kwa miaka mingi alijisifia siku hiyo kimoyomoyo bila kujiuliza kwa nini alifanya vile. Hakumpenda yule mwizi. Hakumsamehe pia. Alilipenda bweni, na hakukubali kuwepo mtaro wa bweni lake usio na jembe lake.

Alisimama.

"Nakuja. Ila usiwaambie kwamba nimesamehe. Sijasamehe."

"Mzani haupimi msamaha, Ta Mwombeki," alisema Severina, akikaza kanga yake. "Unapima damu."

*

Nje ya nyumba ya Byabato walikaa watu walewale waliokuwa wakiimba, wameinamisha vichwa, wengi wakinywa maji kwa pupa kana kwamba maji yangeweza kuikimbiza pombe. Tryphone alikuwa nyuma ya mgomba, amejitia kidole kooni, akitapika kwa bidii isiyo na faida. Walimpisha balozi. Hakuna aliyemsalimu, na yeye alishukuru kwa hilo.

Ndani, Byabato alikuwa amelala ubavu, amekauka kama ganda la kahawa. Kemilembe na Mwalimu Elieskia walikuwa wamekwisha kukaa vitini. Mwombeki alichukua kiti cha tatu, akanyoosha mkono, na Severina akaifunga bangili yake kwenye waya wa Mzani mdogo wa kitandani, tawi la ule wa kisimani. Taa ikageuka kijani.

Hakuna aliyewahi kumbeba mtu wakiwa watatu tu. Mwombeki alijiandaa kwa kuuma meno, lakini yale hayakuja kama pigo. Yalikuja kama mtu anayeingia nyumbani kwako na funguo zake mwenyewe, akaketi nyongani, kisha akaanza kusogeza samani. Mguu wake wa kushoto ukapoteza nguvu. Jasho likamtoka mgongoni. Karibu naye mwalimu alikuwa akinong'ona zaburi kwa Kipare, maneno yakikatika katikati. Kemilembe hakutoa sauti. Alikuwa amezoea kusikia kelele hizo kwa masikio, sasa alizisikia kwa mifupa.

Byabato alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame, uso wake ulikuwa uso wa mtu, wala si wa maumivu. Aliwatazama mmoja mmoja, akamfikia wa tatu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Mwombeki," alisema. "Ingekuwa wewe hapa kitandani, na mimi hapo kitini, ningekuacha."

"Najua. Ndiyo maana hatukukupa wewe kazi ya kutunga sheria."

Byabato akacheka. Kicheko kilimtikisa nyonga, na watatu wote wakajikunja vitini kama waliopigwa fimbo moja.

"Mzee wangu, nakusihi," alisema Mwalimu Elieskia, machozi yakimtoka, "usicheke. Kicheko chako kinatuua."

Mwombeki hakucheka wala hakulalamika. Jibu lake lilimtoka kwa fahari, na papo hapo lilikuwa limemrudia kama jiwe lililorushwa juu. Hatukukupa wewe kazi ya kutunga sheria. Lakini sheria ile, asiyebeba habebwi, ni nani angeitunga kwa furaha zaidi kuliko Byabato? Ilikuwa na sauti yake. Ilikuwa ndugu pacha wa yale maneno mawili aliyoyatamka siku alipotupa bangili mezani. Mwombeki alikuwa amemtenga mtu, kisha akaichukua roho yake, akaitandika kuwa kanuni ya nyumba kumi.

Severina, akiwa ameinamia vipimo, alianza kuzungumza kwa sauti ndogo, kama mwanamke azungumzaye ili wagonjwa wasihesabu pumzi zao. Alisema Mzani wa ng'ambo ya kijito unaendeshwa na shemeji yake. Kule nako waliiandika sheria ya Rugambaizi ukutani, neno kwa neno. Kuna mama mmoja mgonjwa waliyemtenga kwa sheria hiyo. Wanaokwenda kuchota maji humsikia akilia hadi kijitoni. Alisema hivyo bila lawama, kama angesema habari za mvua.

 Mwombeki alibadilisha mkao kitini, na nyonga isiyo yake ikamkumbusha kwamba bado yuko zamu.

Giza liliingia, usiku ukasonga.  Byabato alilala. Katika saa za baridi kabla ya alfajiri Mwalimu Elieskia alipoteza fahamu kwa kitambo, na Severina alitaka kumvua bangili, lakini alipozinduka alimshika mkono akakataa kwa kutikisa kichwa. Kemilembe alikuwa ameuma shuka ya baba yake. Mwombeki alikaa wima. Hakuna aliyemwona akiegemea.

Kulipopambazuka walianza kuingia. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa nyumba ya mwisho, aliyeonja funda moja tu. Taa ikawa kijani, na Mwombeki akahisi kitu kikiondolewa mgongoni mwake, kidogo, kama mtu aliyenyanyua pembe ya gunia. Kisha akaja mwingine. Kisha wawili. Macho yake yalikuwa yamefumbwa, lakini kila aliyeingia alimjua kwa jinsi mzigo ulivyopungua. Akafika hata Tryphone, macho mekundu, mnyenyekevu kama kondoo, na Mzani, baada ya kusitasita, ukampokea. Wabebaji walipofika kumi na zaidi, maumivu ya Byabato yalikuwa yamebaki kama kidonda cha kiatu.

Severina alimfungua bangili. Mwombeki aliinuka, mguu ukamsaliti, akashika ukuta. Wakataka kumsaidia, akawanyooshea kiganja wakae.

"Nusu yenu mtabaki hapa na mzee," alisema. "Mwalimu apelekwe nyumbani akalale. Zamu ya Byabato ni ya nyumba zote, mpaka mwisho wake, na Severina atapanga nani na lini. Nusu nyingine mtafuatana nami ng'ambo ya kijito." Akawatazama. "Nani anamjua yule mama aliyetengwa kule?"

Walitazamana. Tryphone alisema, kwa sauti isiyo na mzaha, kwamba yeye hunyoa vijana wa kule, nao humwita Asiyebeba.

"Nimeuliza jina lake."

Hakuna aliyelijua.

"Basi tutaanza kwa kumwuliza jina."

Walitoka nje kundi zima, wakaanza kushuka katikati ya migomba, bangili mikononi, balozi akichechemea mbele yao kwa mguu wa Byabato. Walipofika penye mteremko, Tryphone alimwahi, akamwuliza watafanya nini iwapo balozi wa kule atawazuia mlangoni na kuwasomea sheria.

Mwombeki hakupunguza mwendo.

"Mwambie," alisema, "aliyeitunga amekuja kuichukua."